Dola 216 kwa besiboli, kisha chini ya 50

Mara ya kwanza kuwapeleka wanangu kuona besiboli hapa Marekani, dola 216 ziliyeyuka kwa saa 3. Uwanja siutaji. Tovuti iliandika tiketi dola 24. Watu 4, nikapiga hesabu, 96, nikasema si haba. Kufika mahali pa kulipa, ada juu ya ada, ikawa 128. Maegesho 30. Halafu watoto wakanusa hotidogi. Mke wangu akaitazama risiti ya chakula, dola 58, akaniuliza taratibu, "Baba watoto, tumekuja mpirani au harusini?"

Mwanangu wa kiume, miaka 7 wakati huo, alichojua yeye ni kwamba anataka kurudi.

Tunaishi Baltimore, na mwaka huo wa 2019 timu ya mji, Orioles, ilikuwa hoi bin taabani. Ilimaliza msimu imefungwa mara 108 katika michezo 162. Kwa mwenye mfuko mwembamba, timu mbovu ni neema. Bei za tiketi siku hizi hazitulii, ni kama nyanya sokoni: Yankees wakija wikiendi na mashabiki wao wa New York, zinapaa, Jumatatu jioni ya Aprili, baridi bado inauma na timu ngeni haina mvuto, zinashuka. Na kwa kuwa timu inacheza nyumbani mara 81 kwa msimu, jioni za namna hiyo hazikosekani.

Nikaivizia moja. Orioles walikuwa na mpango ulioanza 2018: mtu mzima akinunua tiketi ya jukwaa la juu, anapewa tiketi za bure za watoto wawili wa miaka 9 kushuka chini. Nikanunua 2 dirishani pale Camden Yards, uwanja wa Orioles, dola 15 kila moja, ada za mtandaoni nikazikwepa. Gari tuliliacha nyumbani, maana treni ya mjini inakushusha uwanjani penyewe.

Lakini pesa hasa inaokolewa kwenye chakula. Camden Yards wanakuruhusu kuingia na chakula chako, na maji pia, mradi chupa ya plastiki haijafunguliwa. Mke wangu alikaanga sambusa 20, akazifunga kwa karatasi ndani ya mfuko. Mlinzi mlangoni akaufungua, akachungulia, harufu ya nyama na bizari ikampiga usoni, akacheka na kutupitisha. Kule juu, mzee wa safu ya mbele aligeuka mara mbili kabla hatujampa moja. Ya pili aliilipia kwa darasa: kwa nini mpigaji katolewa, kwa nini yule kasimama tu hakimbii. Mimi niliyekulia kwenye soka nilikuwa nimeduwaa miezi yote ile.

Starehe niliyoilipia ilikuwa moja, aiskrimu kwenye kikofia kidogo cha plastiki chenye nembo ya timu. Watoto waligawana aiskrimu. Kikofia walikigombania hadi nyumbani. Pamoja na nauli, dola 50 hazikufika.

Mwaka 2023 Orioles hao hao wakashinda michezo 101. Mwanangu, wakati huo ana miaka 11 na tiketi ya bure imeshampita, aliruka sebuleni kwa furaha. Mimi nikachukua simu kuangalia Jumatatu inauzwaje.