Siku Moja Maishani Mwangu: Siku ya Kuosha Chupa za Mvinyo, Dodoma

Saa 11:00 alfajiri

Mtaani kwetu maji ya bomba hutoka kwa zamu, na zamu yetu huangukia kati ya usiku wa manane na alfajiri, kwa hiyo siku ya kuosha chupa hupangwa na bomba kabla ya kupangwa na mvinyo. Nikisikia tenki limeanza kufurika naamka, nafunga koki, nawasha jiko la mkaa na kubandika sufuria kubwa ya maji. Mvinyo wenyewe, lita 40 za zabibu nyekundu za Makutupora zilizovunwa katika msimu wa Agosti na Septemba, umekwisha kutulia ndani ya madumu na mashapo yake yameshuka chini. Ni mvinyo wa nyumbani, wa meza yetu na wa sherehe za ndugu, kipaimara kikiwamo. Ukiondoa kile kinachobaki na mashapo, lita hizo hujaza chupa zipatazo 50 za mililita 750. Mimi huandaa 60, kwa sababu daima zipo zitakazokataliwa njiani.

Saa 12:30 asubuhi

Jua likichomoza, mimi na mpwa wangu tunakaa barazani kuchambua chupa. Nyingi tumeletewa na vijana wanaozikusanya kwenye kumbi za harusi, nyingine zimetoka kwa majirani, na chupa iliyopita mikononi mwa watu wengi haiwezi kuaminiwa kwa macho peke yake. Kila moja hunuswa kabla haijaguswa na maji, kwani harufu hafifu hupotea glasi ikilowa. Leo kijana ameinua chupa ya kijani iliyong'aa kuliko zote, akaisogeza puani na kukunja uso.

"Shangazi, hii ilitiwa mafuta ya taa."

Akaiweka pembeni bila kusubiri jibu langu. Chupa iliyowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya kuua wadudu haioshwi kwa ajili ya kinywaji, hata ikisuguliwa mara ngapi. Zile za asali na mafuta ya kula hupewa nafasi, ingawa za mafuta hunichosha. Baada ya pua hufuata kidole: napitisha ncha yake taratibu kwenye mdomo wa chupa kutafuta pengo, maana mdomo uliomeguka hauzibiki sawasawa, na kipande chake kinaweza kuishia kwenye glasi ya mgeni.

Saa 1:30 asubuhi

Chupa zilizofaulu zinaingia kwenye pipa la maji ya moto yaliyokorogwa magadi, vijiko vikubwa vitatu kwa kila ndoo ya lita 20. Maji yawe ya moto, lakini yasiwe yanayochemka, kwa sababu glasi iliyopoa na usiku wa Dodoma ikikutana ghafla na maji yanayotokota hupasuka kitakoni. Magadi hulegeza gundi ya lebo na kuvunja mafuta na utando wa mvinyo mkavu uliong'ang'ania chini. Wengi huona kazi hii imeanza na kuishia kwenye kusugua. Kwangu mimi kuloweka ni nusu ya kusugua, nami hulipa jambo hilo saa mbili kamili huku nikinywa chai.

Saa 3:30 asubuhi

Lebo za karatasi zinaelea zenyewe. Zile za plastiki zenye gundi ya kunata hukwanguliwa kwa kisu butu zingali na joto. Kisha kila mmoja anashika brashi yenye shina refu na kusugua ndani, kwanza kitako, hasa ile pembe inayozunguka kilima kilichobonyea ndani, halafu mabega, ambako mara nyingi hujificha duara la ukungu mweusi lisiloonekana kwa mtu aliyesimama. Ukiinua chupa juani na kuichungulia kupitia kitakoni, duara hilo hujitokeza mara moja. Penye ukungu mkavu usiofikiwa na brashi natia konzi ya mchele na maji kidogo, natikisa kwa nguvu, namwaga, natazama tena. Sitikisi mchanga, kwa kuwa unakwaruza glasi, na mkwaruzo ni maficho mapya ya uchafu.

Yapo mabishano ya kudumu baina yangu na jirani yangu mmoja, ambaye huruka kazi hii yote na kumimina dawa ya klorini kwenye chupa chafu. Dawa ya kuua vijidudu haisafishi. Uchafu huinyonya nguvu, tena huwafunika bakteria walio chini yake, hivyo chupa hutoka na harufu ya hospitali huku bakteria wanaogeuza mvinyo kuwa siki wangali hai. Klorini kwenye mvinyo ina kasoro nyingine pia: ikikutana na vitu vya asili ya miti, kama vizibo vya gome, na kuvu wakipata nafasi, huweza kuzaliwa kemikali inayoitwa trikloroanisoli, yenye harufu ya gunia bichi, ambayo hutambulika puani kwa kiasi kidogo mno. Kwa hiyo haiingii katika kazi yangu ya chupa. Anayeitumia asiichanganye kamwe na siki, ndimu wala asidi yoyote, kwa sababu hutoa gesi ya sumu.

Saa 5:00 asubuhi

Suuza ya kwanza, suuza ya pili. Maji ya Dodoma ni magumu. Chokaa iliyomo ndani yake ikikutana na magadi hufanya vumbi jeupe linaloganda kwenye glasi, na mtu huweza kusuuza hadi jioni akidhani ni sabuni. Suuza ya mwisho kwangu huwa na kijiko cha asidi ya sitriki, ile asidi iliyomo kwenye ndimu, kwa lita moja ya maji, na utando ule huyeyuka machoni.

Hapo ndipo ninapoipima kila chupa. Naijaza maji safi, naimwaga, kisha natazama ukuta wake wa ndani. Glasi iliyo safi hushusha maji kama pazia moja lisilokatika, lakini penye mafuta maji hujikunja yakafanya matone na njia njia. Leo chupa sita zimeonyesha matone na kurudishwa kwenye magadi.

Saa 6:30 mchana

Ugali, mlenda, mapumziko mafupi.

Saa 7:30 mchana

Mpwa wangu ana pumu, kwa hiyo saa hii humtuma sokoni. Dawa ya kuua vijidudu ninayotumia ni unga wa potasiamu metabisulfaiti, unaotoa gesi ya salfa dayoksaidi ukiwa ndani ya maji, gramu 10 kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, pamoja na gramu 3 za asidi ya sitriki. Asidi hiyo si pambo: gesi hiyo, ambayo ndiyo inayoua vijidudu, hufanya kazi vizuri zaidi katika maji yenye uchachu. Gesi hiyo huchoma koo na macho, hivyo kazi hufanyika barazani, upande ambao upepo unanipitia mgongoni, nikiwa na glavu. Namimina kikombe kimoja kwenye chupa ya kwanza, naizungusha hadi kila sehemu ilowe, pamoja na shingo, naiacha dakika chache, kisha naihamishia dawa ile chupa inayofuata kwa faneli. Baada ya chupa kumi natia kikombe kipya.

Saa 8:30 mchana

Sasa chupa zinakwenda kwenye kichanja. Fundi wa mtaani alinitengenezea cha mbao zilizotobolewa, ambapo chupa huning'inia kichwa chini ikishikwa mabegani, na mdomo wake haugusi chochote. Kuisimamisha chupa juu ya kitambaa, hata kilichopigwa pasi, ni kuirudishia vijidudu mdomoni. Kuisuuza tena kwa maji ya bomba ni kosa la namna hiyo hiyo.

Wageni huuliza kama dawa iliyobaki ndani haidhuru. Hesabu yake ni nyepesi. Potasiamu metabisulfaiti hutoa salfa dayoksaidi takribani asilimia 57 ya uzito wake. Ikibaki mililita moja tu ya dawa yangu kwenye chupa ya mililita 750, mvinyo huongezewa miligramu 7 au 8 kwa lita, kiasi kidogo. Zikibaki mililita 5, nyongeza inafika karibu miligramu 38. Marekani na Umoja wa Ulaya huagiza salfaiti, jamii ya kemikali ambayo dawa hii ni mojawapo, itajwe kwenye lebo ikizidi miligramu 10 kwa lita, kwa sababu wapo watu inayowadhuru, hasa wenye pumu. Kwa sababu hiyo siharakishi kichanja. Nusu saa hutosha kwa chupa iliyo safi, na naongeza nusu nyingine kwa ajili ya tone lile la mwisho linalokaa mdomoni. Kichanja kipo ndani, chini ya chandarua, kwani nje upepo wa mchana hubeba vumbi jekundu, na inzi wadogo wa matunda huvutwa na harufu ya mvinyo kabla dumu halijafunguliwa.

Saa 9:30 alasiri

Kujaza ndiko watu hupenda kupiga picha, ingawa ni kazi ya saa moja na nusu tu. Mpira uliopitishwa kwenye dawa ile ile unashushwa hadi kitakoni mwa chupa ili mvinyo usirukeruke na kumeza hewa. Vizibo ni vipya, kwani cha zamani kimekwisha kutobolewa na hakizibi. Zimejaa 51, na chupa mbili safi zimerudi kabatini zikiwa zimefunikwa.

Saa 11:30 jioni

Chupa zilizozibwa zitasimama wima siku tatu hadi vizibo vitanuke na kushika, ndipo zilazwe kwenye chumba cha nyuma kisichopata jua. Brashi zimechemshwa na kuning'inizwa, mpira umesuuzwa na kutundikwa ncha zote mbili zikitazama chini, na dawa iliyobaki imemwagwa mbali na mboga, kwa kuwa ikikaa wazi hupoteza nguvu na haifai kuwekwa kwa ajili ya dumu lijalo.