Usiku tuliokataa kushuka Saranda

Tuliripoti Tabora saa kumi alfajiri. Mimi nilikuwa msaidizi wa dereva wa treni ya mizigo, mwaka wangu wa tatu kazini. Dereva wangu alikuwa mzee aliyeanza reli kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani haijavunjika mwaka 1977. Siku mbili nyuma mke wangu alikuwa amejifungua Dodoma, mtoto wetu wa kwanza, na nilikuwa bado sijamwona.

Igalula tulipisha treni ya abiria. Kazikazi ndiko tulikokwama: mvua ilikuwa imekula tuta, gengi la mafundi wa njia wanashindilia kokoto, nasi tukakaa hapo zaidi ya saa tano. Asiyeijua reli ataita huko kupumzika. Injini inanguruma chini ya kiti, redio haiachi kuita, bati limeshika moto, na huwezi kushuka hata kutafuta chai, maana ruhusa ya njia yaweza kuja dakika yoyote. Mwili unachoka na gurudumu halijazunguka.

Giza lilitukuta tumeshapita Itigi. Kwenye kichwa cha treni yetu kulikuwa na king'ora kilicholia kila baada ya muda, dereva abonyeze kitufe kuonyesha yu macho. Asipobonyeza, breki zinajifunga. Kikalia, mkono wa mzee ukainuka, ukabonyeza. Kikalia tena, ukabonyeza. Mara taa ikamulika kibao cha kupunguza mwendo, na treni haipungui.

"Mzee, kibao!"

Kimya. Nikamshika bega. Macho yalikuwa wazi, lakini mwenyewe hayumo. Alikuwa amelala, na mkono ulikuwa umeizoea kazi hata ukaifanya bila yeye.

Alishtuka, akafunga breki, tukapita pale taratibu. Hakusema neno mpaka Manyoni. Ilikuwa saa mbili usiku, saa 16 tangu turipoti.

Ukitoka Manyoni, reli inashuka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Saranda, kona baada ya kona, na behewa zetu 18 zilikuwa na mzigo wa kwenda bandarini. Mteremko ule unataka breki za mapema, kidogo kidogo. Ukichelewa kuzianza, mzigo ndio unaokuendesha.

Mzee aliteremka akamwambia stesheni masta kwamba treni inalala hapo. Kontrola, yule anayeongoza mwendo wa treni, akaja kwenye simu: si tulipumzika Kazikazi? Mzee akatoa mkobani nakala ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kurasa zimelegea kwa kukunjwa, akamsomea: siku ya kazi, pamoja na saa za ziada, isizidi saa 12, na kabla ya kurudi kazini mtu apate saa 12 mfululizo za kupumzika.

"Kazikazi nilikuwa kazini, bwana. Niletee watu kutoka Dodoma."

Nilimkasirikia. Nilimfuata nje, nikamwambia zimebaki saa chache tu, mtoto wangu ananisubiri, na mimi nitakuwa macho kwa ajili yetu sote wawili.

"Umeniona mwenyewe, mwanangu," akasema. "Sasa unataka mimi ndiye nikushushe Saranda?"

Watu hudhani ni ofisi tu inayowaendesha madereva kupita kiasi. Usiku ule aliyemsukuma zaidi ni mimi, niliyemwona amelala macho wazi. Nilikuwa tayari hata kunyamaza kuhusu kibao kile, mradi nifike. Ndiyo sababu nataka kikomo cha saa kibaki kuwa cha sheria, kisiachwe mikononi mwa dereva na msaidizi wake wanaotamani nyumbani.

Tulilala kwenye mabenchi ya stesheni. Madereva wapya walifika alfajiri, nasi tukapanda behewa la gadi kama abiria. Jua lilikuwa limetoka tuliposhuka Saranda, na nikaziona zile kona zote, moja moja, na mabonde yaliyo chini yake. Mzee hakuziona. Alilala na viatu miguuni, kichwa kwenye mkoba wake, na hata honi ya kuingia Bahi haikumwamsha.