Jinsi nilivyopitisha silaha ya moto kwenye ukaguzi wa roboti za mapambano

Silaha isiyo ya kawaida haikataliwi kwa kuwa inatisha. Inakataliwa pale mkaguzi asipoona itazimwaje. Nilipofunga moto kwenye roboti ya kilo 13.6 inayonyanyua kwa uma, nilianza na swali hilo kabla ya kukata bati lolote.

Kwanza soma orodha ya marufuku. Kanuni za SPARC, zinazotumika sana Marekani, zinakataza nyavu, kamba na gundi za kumnasa mpinzani, vimiminika, povu, na kuvuruga mawimbi ya redio. Mwaka 2015 kwenye BattleBots, shindano la roboti la televisheni ya Marekani, roboti iitwayo Complete Control ilificha wavu ndani ya boksi la zawadi ukainasa roboti pinzani, Ghost Raptor, na pambano likarudiwa. Kwa wavu sioni haja ya ubishi: mota iliyokwama huvuta umeme mwingi na kuunguza kidhibiti chake, kisha mtu anatakiwa kuingia ulingoni kufumua nyuzi kwenye silaha inayozunguka, ambayo huenda bado ina umeme.

Moto unaruhusiwa pale tu waandaaji na sheria za zimamoto za eneo husika zinapokubali, kwa hiyo omba kibali mapema. Mafuta ni propani au butani, yasizidi aunsi 4 za ujazo, takribani mililita 118, na lazima yatoke yakiwa gesi. Tangi nililiweka katikati, mbali na mota na bati za nje, nikalitenga na betri kwa ukuta wa alumini. Gesi hizi ni nzito kuliko hewa, zikivuja hutuama chini, kwa hiyo sakafu ya roboti ilitobolewa matundu. Viungio vyote nilivipaka povu la sabuni. Kiputo kimoja tu, unafungua na kukaza upya.

Sehemu ngumu ni roboti kupinduka. Tangi likigeuka, kimiminika hufika mdomoni, na badala ya gesi unarusha matone yanayowaka sakafuni. Hapo umeshavunja kanuni. Nilitumia swichi ya mkao inayokata umeme wa vali mara roboti inapolala kichwa chini, na tangi sikulijaza kupita nusu. Vali yenyewe ni ya umeme, ya aina inayojifunga umeme ukikatika, imefungwa karibu kabisa na tangi. Mpira kutoka hapo hadi kwenye pua, yaani tundu linalotoa moto, uwe mfupi, maana gesi iliyobaki humo itaendelea kuwaka baada ya vali kufunga.

Kuwasha, epuka cheche. Zinatoa mawimbi yanayochanganya risiva, kifaa kinachopokea amri za rimoti, na roboti inayotingishika ovyo huku ikitema moto haitapita popote. Waya wa nikrome (mchanganyiko wa nikeli na kromu), unaowaka mwekundu umeme ukipita, unatosha, nao uzimike kwa rimoti kwa chaneli yake.

Mbele ya mkaguzi niliiweka roboti juu ya kigogo, magurudumu hewani, tangi likiwa tupu. Washa kila kitu, kisha zima rimoti: magurudumu yasimame, waya upoe, vali igonge kwa kufunga. Mlio huo wa vali usikike, kwa hiyo omba ukimya. Baada ya hapo chomoa kiungo cha umeme mbele yake bila kutumia zana nyingi.

Usitarajie moto uvunje kitu. Katika dakika 3 bati nene la alumini halidhuriki. Huumia matairi ya povu, plastiki na nyaya zilizo wazi. Thamani yake ipo pale uma unapomshikilia mpinzani matundu yake ya hewa yakiwa mbele ya pua.

Pambano likiisha, funga vali, acha gesi ya mpirani iishe kuwaka, zima waya, na kaa nje ya ulingo hadi uone hakuna moshi kutoka kwenye betri za roboti zote mbili. Betri ya lithiamu iliyotobolewa inaweza kuwaka dakika kadhaa baadaye, basi itoe na uiweke nje kwenye ndoo ya mchanga.