Nusu Damu Inatosha: Mbuzi Chotara Nyumbani Kwetu Mlali

Mbuzi jike mkubwa kuliko wote katika banda letu ana kilo 38. Najua hivyo kwa sababu kila mwanzo wa mwezi huwaning'iniza mmoja mmoja kwenye mizani ileile ambayo mume wangu huitumia kupimia mpunga, na matokeo huyaandika katika daftari la shule ambalo limekwisha kujaa hadi jalada la nyuma. Asubuhi hunipa maziwa yasiyofika lita moja na nusu, na mwaka jana alizaa mapacha, dume na jike. Mgeni aliyezoea kuona picha za mbuzi wa Ulaya wenye viwele vinavyokaribia kugusa nyasi humtazama kwa huruma na kuniuliza kama kweli huyu ndiye mbuzi wa maziwa. Humjibu kwamba ni wa maziwa na ni wa nyama pia, na kwamba ilinigharimu miaka minne na vitoto vitano kutambua kuwa sina haja ya mbuzi mkubwa zaidi ya huyu.

Tunaishi Mlali, chini ya milima ya Uluguru, kwenye barabara itokayo Mzumbe kupanda Mgeta. Kule juu kuna baridi, ukungu na mboga zilizolimwa kwenye miteremko mikali, na huko ndiko walikopelekwa mbuzi wa maziwa wa Norwei katika miaka ya 1980, kwa kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mbuzi hao wamestawi Mgeta kwa sababu wamepata hali ya hewa inayowafaa. Sisi tuko bondeni, mahali ambapo jua la Januari humfanya hata mbwa ahame kivuli mara tatu kabla ya adhuhuri. Kutoka kwetu hadi Mgeta ni safari fupi, lakini kwa mnyama mwenye manyoya marefu ni kama kuhamia nchi nyingine.

Nilianza na majike watatu wa kienyeji niliopewa na mama yangu mzazi, wadogo, wa kilo 25 hivi kila mmoja, wagumu wa kuugua na wachoyo wa maziwa kupindukia. Nikanunua beberu halisi wa Kinorwei kutoka Mgeta, nikawapandisha wote watatu. Watoto waliozaliwa, yaani chotara wa nusu kwa nusu, walinishangaza. Walikua haraka kuliko mama zao, walikula chochote nilichowakatia, na majike miongoni mwao walipozaa walitoa maziwa mara mbili ya mama zao bila kunidai chakula maalumu, zaidi ya konzi chache za pumba zilizochanganywa na mashudu ya alizeti wakati wa kukamua.

Hapo ndipo tamaa iliponiingia. Nilifikiri kwamba ikiwa nusu ya damu ya Norwei imezidisha maziwa mara mbili, robo tatu itayazidisha mara tatu. Niliwapandisha chotara wangu kwa beberu mwingine halisi, nikasubiri miezi mitano ya mimba kama anayesubiri mshahara. Walizaliwa saba, wazuri wa kupigwa picha. Walihema kwa midomo wazi mchana kutwa wakati wa kiangazi, wakaanza kukohoa mvua za Machi zilipoanza, na kufikia Juni walikuwa wamebaki wawili. Mmoja wa hao wawili ndiye aliyenipa maziwa mengi kuliko mbuzi yeyote niliyewahi kumfuga, lita mbili na zaidi kwa siku, lakini alikula pumba na mashudu kama ng'ombe mdogo, na msimu uliofuata hakushika mimba hadi nilipompandisha mara ya tatu. Nilipoweka gharama zake upande mmoja na maziwa yake upande wa pili, binti wa nusu damu alimshinda.

Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba watu wenye mizani mikubwa kuliko yangu walikwisha kulitafakari jambo hili. Kule Malya, wilayani Kwimba, wataalamu wa Tanzania walitengeneza mbuzi wa nyama na maziwa kwa kuchanganya Kamorai wa Pakistani kwa asilimia 55, Boer wa Afrika Kusini kwa asilimia 30 na mbuzi wetu wa kienyeji kwa asilimia 15. Nchini Kenya, katika miaka ya 1980, walichanganya aina nne kwa sehemu sawa, yaani Toggenburg na Anglo-Nubian kwa ajili ya maziwa, kisha mbuzi mdogo wa Afrika Mashariki na Galla kwa ajili ya uvumilivu, hivyo nusu nzima ya damu ikabaki ya wanyama waliozaliwa na jua hili. Viwango vinatofautiana, lakini katika pande zote mbili kusudio lilikuwa kupata mchanganyiko unaokaa mahali pamoja, si kupanda ngazi ya damu ya kigeni kizazi hadi kizazi. Mimi nilikuwa nimeipanda ngazi hiyo mbiombio.

Jambo jingine ambalo mfugaji wa mbuzi wa namna hii hulijua kwa kuumia ni kwamba maziwa na nyama hutoka kwenye chuchu moja. Kila kikombe ninachokamua nimekiondoa mdomoni mwa kitoto ambaye ningemuuza akiwa na mwaka mmoja. Kuna wakati nilikamua asubuhi na jioni kwa sababu jirani mwenye mtoto mchanga alihitaji maziwa, na vitoto wa msimu ule walifika miezi minne wakiwa na kilo nane, ilhali wenzao wa msimu uliotangulia walikuwa na kumi na mbili. Siku hizi siku ya kwanza kitoto hunyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, hadi atosheke, na kwa wiki mbili za mwanzo sikamui kabisa. Baada ya hapo huwatenga vitoto usiku katika kizimba chao, hukamua mara moja alfajiri nikiacha kidogo kiweleni, kisha huwaachia washinde na mama zao mchana kutwa. Maziwa ya nyumbani hutosha kwa chai ya watu sita na uji wa mdogo wetu wa mwisho, na huyachemsha daima, kwa kuwa ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo hupita kwa binadamu kupitia maziwa mabichi.

Banda tumelijenga juu ya nguzo, usawa wa kiuno, sakafu ikiwa ya mabanzi yaliyoachiana nafasi ili kinyesi na mkojo vianguke chini. Fundi wetu wa kwanza aliacha nafasi zilizopitisha ngumi, na kitoto mmoja alivunjika mguu katika wiki ya kwanza. Nafasi nzuri ni ya upana wa kidole, sentimita moja na nusu hivi. Samadi inayozolewa chini ya banda ndiyo mavuno ya tatu ambayo sikuyatarajia, na mume wangu, aliyewaita mbuzi wangu mchezo wa wanawake, sasa huizoa mwenyewe na kuipeleka kwenye nyanya zake kabla sijaamka.

Malisho ni kukata na kuleta. Pembezoni mwa shamba nimepanda milusina na matete, na baada ya mavuno huongeza majani ya viazi vitamu na mabua ya maharage. Mabaki ya nyanya siyagusi, kwa dawa zinazopulizwa humu bondeni, na majani ya mparachichi nimewakataza watoto kuyaleta hata kama yameanguka yenyewe, kwa sababu yana sumu inayomdhuru mbuzi. Majani mabichi ya muhogo pia siwapi.

Kuhusu magonjwa nitasema moja tu, la minyoo, kwa sababu ndiyo adui wa kila siku. Mvua zinapokolea, kila Jumamosi hufunua ukope wa chini wa kila mbuzi na kuangalia rangi ya ndani. Ikiwa nyekundu au ya waridi, namwacha. Ikiwa imepauka kama karatasi, au akiwa na uvimbe laini chini ya taya, huyo ndiye anayepewa dawa, kwa kipimo cha uzito uliomo katika daftari. Zamani niliwanywesha wote kila baada ya miezi mitatu, na nilichokuwa nikifanya, kama alivyonieleza bwana mifugo, ni kuwafundisha minyoo kuizoea dawa. Chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo namwachia yeye, na hujitahidi nisikose siku anapopita kijijini.

Shida kubwa ya ukoo mdogo wa mbuzi ni beberu. Leo natumia beberu chotara kwa majike chotara ili damu ibaki nusu kwa wastani, ijapokuwa katika uzao mmoja huweza kutokea mmoja aliyefanana na babu wa Norwei na mwingine aliyefanana na bibi wa Mlali, na hapo daftari ndilo linalonisaidia kuamua nani abaki na nani auzwe. Nahakikisha pia beberu ana pembe. Niliwahi kumtumia asiye na pembe kwa majike wasio na pembe, kwa kuwa hawapigani bandani, nikapata khuntha, asiye jike wala dume, ambaye hakuzaa wala kupandisha. Bwana mifugo akanieleza kuwa hilo linajulikana tangu zamani kwa mbuzi wa maziwa wa Ulaya. Tulimla Idi.

Beberu wa sasa ana miezi ishirini, na mabinti zake wawili wanakaribia umri wa kupandwa, kwa hiyo hawezi kukaa nao banda moja. Nimekubaliana na mfugaji mmoja wa Kipera, ambaye majike wake hawana undugu na wangu, kwamba masika yakiisha tutabadilishana madume bila kulipana fedha. Wake nimekwisha kumwona. Ana pembe na kifua kipana, na mama yake, nilipomkamua kwa mikono yangu mbele ya mwenyewe, alijaza kikombe cha lita moja na akabakiza ya mtoto.