Ukuta wenye namba

Jana usiku nimemaliza kusoma The Normal Heart, tamthilia ya Larry Kramer kuhusu ukimwi ulivyoingia New York, mara ya pili hii, na usingizi umegoma kabisa.

Kilichonikalia kichwani ni ukuta. Walipoicheza mara ya kwanza pale Public Theater, New York, Aprili 1985, mbao za jukwaani na hata kuta za ukumbi zilipakwa rangi nyeupe halafu wakaandika kwa rangi nyeusi majina na takwimu, ikiwemo idadi ya wagonjwa wa ukimwi Marekani nzima, na serikali ikitoa idadi mpya wao wanakata ile ya zamani wanaandika nyingine chini yake. Yaani wewe umeenda wiki hii umekuta namba moja, jirani yako akienda mwezi ujao anakuta imeshapanda. Na waliandika pia kwamba New York Times iliandika kuhusu ugonjwa huu mara 7 tu katika miezi 19 ya kwanza, wakati zile dawa za maumivu za Tylenol zilizotiwa sumu mwaka 1982, waliokufa watu 7, gazeti hilohilo liliandika mara 54 ndani ya miezi 3!

Kramer hakuwa anasimulia ya kusikia. Yeye na wenzake ndo walianzisha Gay Men's Health Crisis, shirika la kusaidia wagonjwa wa ukimwi, mwaka 1982, mwaka uliofuata wakashindwana akatoka, yeye alitaka kelele, meya wa New York, Koch, asemwe hadharani, wenzake wengine kazini na nyumbani hawajulikani kama wanapenda wanaume wenzao, wataanzaje kusimama mbele ya kamera? Ninachoiheshimu sana hii tamthilia ni kwamba hajajipendelea. Ned Weeks, ambaye ni yeye, anafoka, anagombana mpaka na wanaomsaidia, na wanaishia kumsomea barua ya kumtoa, na mimi nikiisoma ile barua nawaelewa kabisa walioiandika, halafu nikigeuka namuelewa na yeye, maana watu wanakufa jamani.

Kuna sehemu Ned anarudi na vyakula, anamkuta mpenzi wake Felix mgonjwa kajikalia sakafuni, hataki kujitunza tena, basi anaanza kuvirusha kimoja kimoja chini mpaka maziwa, halafu anamkumbatia. Hapo nililia.

Mi nimekulia miaka ile mtu akikonda wanasema kakanyaga waya, tena kwa kunong'ona. Mjomba alipofariki tuliambiwa ni kifua, na mpaka leo kwetu ni kifua, hakuna anayeuliza.

Mwaka 2011 tamthilia hii ilipofika Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, kwa mara ya kwanza, Kramer, mzee wa miaka sabini na kitu, alikuwa anasimama nje ya ukumbi anawagawia watu barua wakitoka, kuwaambia kwamba hawa mliowaona mle ndani walikuwa watu wa kweli. Natamani angekuwepo mtu mmoja wa hivyo mlangoni siku ile tunamzika mjomba.