Ramani ya Rio ya meya Pereira Passos imekaa: kumbukumbu ya mradi, awamu ya nne

Hatimaye imekaa. Kanisa la Candelária la kwenye karatasi limeangukia juu ya Candelária ya picha ya setilaiti, matao ya Lapa (mfereji wa maji wa zamani) yamefuata mstari wake, na bustani ya Passeio Público imeingia ndani ya uzio wake. Awamu tatu zilizopita, katikati ya mji ikikaa sawa pembe zinakimbia, na pembe zikikubali katikati inapinda. Haya ni maelezo ya kilichokuwa kinakwamisha, kwa yeyote anayefunga ramani za zamani za Rio de Janeiro kwenye koordineti za leo.

Mradi ni huu: kuonyesha mtaa kwa mtaa kazi ya Francisco Pereira Passos, meya kuanzia mwisho wa Desemba 1902 hadi Novemba 1906. Tabaka la chini ni mji aliokabidhiwa, la juu ni mji aliouacha. Programu ya ramani ni QGIS, mfumo wa koordineti ni SIRGAS 2000, UTM kanda ya 23 Kusini (namba yake ni EPSG 31983), ili kila kipimo kitoke kwa mita.

Mtego wa kwanza uko pembezoni mwa karatasi. Ramani nyingi za Brazil za wakati ule hazihesabu longitudo kutoka Greenwich. Sifuri yao ilipita kwenye kituo cha kuangalia nyota juu ya kilima cha Castelo, hapo hapo Rio, takriban 43°10' magharibi mwa Greenwich. Ukiziandika namba za pembeni jinsi zilivyo, mji mzima unazama Atlantiki, magharibi mwa Namibia. Na kilima chenyewe hakipo tena: kilisawazishwa miaka ya 1920, muda mrefu baada ya Passos.

Hapo ndipo shida kubwa inapoanza. Ili kuifunga ramani unahitaji pointi, yaani vitu vinavyoonekana kwenye ramani na kwenye picha ya setilaiti na ambavyo havijahama tangu mwaka 1900, na Rio ni mji uliohamishwa. Passos alikuwa mhandisi wa reli aliyesoma Paris wakati Haussmann, msimamizi wa ujenzi mpya wa Paris, akiupasua mji ule. Alipoteuliwa na Rais Rodrigues Alves, baraza la mji lilisimamishwa kwa miezi sita, naye akaendesha mambo kwa amri. Alibomoa kwa kasi, na waliomfuata hawakupumzisha nyundo. Kanisa la São Pedro dos Clérigos linavutia sana kama pointi kwa sababu ya umbo lake, lakini lilivunjwa ilipokatwa Avenida Presidente Vargas miaka ya 1940. Jumba la Monroe lililosimama mwisho wa Avenida Central, barabara kuu ya zama zile, lilibomolewa mwaka 1976. Ufuko ndio mbaya kuliko vyote. Avenida Beira-Mar ya Passos ilijengwa ukingoni mwa maji. Leo, baada ya kifusi cha bustani ya Flamengo, sehemu kubwa yake iko mbali na bahari. Pointi yoyote ya ufukoni ifute.

Zilizobaki na kuaminika ni Candelária, monasteri ya São Bento, konventi ya Santo Antônio, Paço Imperial, matao ya Lapa na malango ya Passeio Público. Usibofye ncha ya mnara. Kwenye picha ya setilaiti vitu virefu huegemea upande mmoja, kwa hiyo bofya pembe ya ukuta pale inapogusa ardhi.

Hata kwa pointi hizo ramani iligoma, na kosa lilikuwa la karatasi. Piga hesabu kwa ramani ya 1:5,000: milimita 1 ya karatasi ni mita 5 za ardhi. Ukiskani kwa nukta 400 kwa inchi, pikseli moja ni kama sentimita 32, kwa hiyo skana haina lawama. Lakini karatasi yenye upana wa milimita 700 ikivimba kwa unyevu asilimia 1 tu, imeongezeka milimita 7, yaani mita 35 ardhini. Avenida Central nzima ina upana wa mita 33. Barabara kuu ya zama zile inamezwa na unyevu wa kabatini!

Tena karatasi haivimbi sawasawa: kukingama na nyuzi inatanuka zaidi kuliko kuzifuata. Ndiyo maana Helmert, njia ya hesabu inayosogeza, kuzungusha na kukuza ramani kwa kipimo kimoja kwa pande zote mbili, haiwezi kuiweka sawa hata ukiongeza pointi hamsini. Polinomia ya daraja la kwanza, njia nyingine ya hesabu, ina vipimo viwili, kimoja kwa kila upande, inaweza. Ramani iliyokunjwa ina shida ya ziada, kwa sababu kila mkunjo huvuta upande wake.

Wengi hapa hukimbilia TPS (thin plate spline, njia inayoipinda ramani kama bati jembamba), na naona ni kosa. TPS hulazimisha kila pointi ikae palipobofywa, kwa hiyo jedwali la makosa linaonyesha sifuri na unafurahi bure. Ukibofya kanisa lisilo lenyewe, TPS itaupinda mtaa mzima ulifuate bila kulalamika. Polinomia italalamika, na lalamiko hilo ndilo unalolihitaji.

Kilichofanya kazi: kuikata skani kwenye mikunjo, kila kipande kikawa faili lake. Pointi 9 za kufunga kwa kila kipande, polinomia ya daraja la kwanza, na pointi 5 za ukaguzi ambazo hazikuingizwa kabisa kwenye hesabu. Daraja la kwanza linaridhika na pointi 3, lakini kwa 3 kosa halionekani. Vipande viliunganishwa baada ya kila kimoja kupita ukaguzi wake. Kipande chenye Castelo kilikuwa na pointi chache mno, kikasaidiwa na pembe za mitaa ambayo mstari wa nyumba zake upande mmoja haukuguswa mtaa ulipopanuliwa.

Ramani ilipokaa, kosa jingine likajitokeza, la tabaka la juu. Kila kitu kilikuwa kimepakwa rangi moja, ya Passos. Si kweli. Bandari na Avenida Central zilikuwa kazi za serikali kuu, chini ya waziri Lauro Müller. Avenida Central, takriban mita 1,800, ilisimamiwa na Paulo de Frontin, ikafunguliwa rasmi tarehe 15 Novemba 1905. Ya manispaa ni Beira-Mar, kupanuliwa kwa mitaa ya Carioca, Uruguaiana na Sete de Setembro, Avenida Mem de Sá, na Theatro Municipal iliyofunguliwa mwaka 1909, ambayo mchoro wa mwanawe meya ulikuwa miongoni mwa miwili iliyoshinda shindano. Sasa kuna safu ya “nani alijenga” kwenye jedwali, na rangi mbili. Inabadilisha kabisa picha ya mtu huyu: meya halisi ni wa mitaa iliyopanuliwa, mifereji na kuta za mbele za nyumba. Ndiye pia aliyepiga marufuku kutembeza ng'ombe mlango kwa mlango wakikamuliwa.

Mpango ulikuwa kuinua majengo ya Avenida Central kwa umbo la pande tatu, kwa kutumia picha za Marc Ferrez, aliyepiga kuta za mbele jengo baada ya jengo. Umewekwa kando. Matabaka mawili yakishalingana, eneo lililo kati ya mstari wa zamani wa nyumba na mstari mpya linageuka poligoni (umbo lililofungwa pande zote) yenye mita zake za mraba, na ndani ya kila poligoni kulikuwa na vyumba vya watu waliohamishwa, wengi wao wakipanda vilimani au kusukumwa pembezoni mwa mji. Hilo lina uzito kuliko kuta za mapambo. Mtaa wa Carioca umeanza kuchorwa: mstari wa zamani mwekundu, mpya mweusi, na poligoni hazikatwi palipo na shaka mpaka kipande cha jirani kipite ukaguzi.