Siku yangu ndani ya nyumba iliyoungua, Mbagala

Saa 11 alfajiri

Kazi yangu ni kusafisha nyumba baada ya moto. Nguo zangu za kazi hulala nje, kwenye ndoo yenye kifuniko. Nikiziingiza ndani, masizi yanahamia kwenye mashuka ya watoto. Napakia barakoa za N95, glovu, gambuti, sponji kavu za mpira, brashi laini, viroba, magadi soda na sabuni ya unga. Jiki naiacha nyumbani. Watu wakiona ukuta mweusi huikimbilia, na wengine huichanganya na siki wakidhani itakata zaidi. Mchanganyiko huo unatoa hewa ya klorini, inayochoma mapafu. Usifanye hivyo, tafadhali.

Saa 2 asubuhi

Moto ulianza Ijumaa usiku, chumba cha nyuma, kwenye ekistensheni iliyobeba pasi, feni na chaji tatu. Majirani wakapiga 114, zimamoto wakafika, moto ukaishia chumba kimoja na kipande cha kenchi. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Mwenye nyumba ni bibi anayeishi na binti yake na wajukuu wanne. Siku tatu hizi wanalala kwa jirani.

"Shikamoo bibi. Poleni sana."

"Marahaba mwanangu, tumeshapoa. Hebu ingia unieleze. Sebule haikuguswa na moto, mbona nyeusi hivi?"

Nikamweleza kwamba moshi wa moto hukimbia kutoka penye joto kwenda penye ubaridi, na ukipoa ndipo unapotua. Ndiyo maana unaukuta sebuleni, nyuma ya mapazia, hata ndani ya kabati lililofungwa. Kwenye pembe za dari kulikuwa na nyuzi nyeusi zinaning'inia. Binti yake akaona haya: "Dada, mimi napangusa utando kila Jumamosi." Si utando wa buibui. Ni masizi yaliyoshikana yenyewe kwa yenyewe, kama kawaida plastiki na sponji ya godoro vinapoungua. Nilimwambia nyumba yake ilikuwa safi, na nilimaanisha.

Kabla ya kugusa kitu: fundi umeme ahakikishe swichi kuu imezimwa, na picha zipigwe kila chumba, kwa ajili ya ripoti, na bima kama ipo. Halafu nikatazama lenta, yaani boriti ya zege iliyo juu ya dirisha, kwenye chumba kilichoungua. Zege lilikuwa limegeuka rangi ya waridi. Rangi hiyo mara nyingi inaonyesha kwamba joto lilivuka nyuzi 300 hivi, na zege la namna hiyo huenda limepoteza nguvu. Chumba hicho nikakifunga kwa kamba mpaka injinia apite.

Saa 3 na nusu

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Vijana wangu wawili ni wageni kwenye kazi hii, na mmoja alikuwa ameshachota maji. Nikamsimamisha. Masizi yana mafuta ndani yake. Ukiyapiga maji kabla hujayatoa makavu, yanapenya kwenye rangi na plasta, na doa hilo utalikuta likichungulia hata baada ya kupaka rangi mara tatu.

Kwa hiyo tunaanza na kavu. Madirisha wazi, feni hakuna, kwa sababu feni inayarusha masizi upya. Dari kwanza, kisha kuta, kutoka juu kwenda chini. Sponji unaivuta mara moja, upande mmoja, mistari ikipandana kidogo. Usisugue kwenda na kurudi. Uso wa sponji ukijaa weusi, usiuoshe: chukua kisu, kata tabaka hilo jembamba, endelea na uso mpya. Nilimshika yule kijana mkono tukavuta pamoja mstari wa kwanza. Chini yake ikatokea rangi ya maziwa, ile ile aliyoichagua bibi. Bibi alikuwa mlangoni. Alisema tu, "Kumbe ipo."

Dari ya jipsamu ya ukumbini ilikuwa imekunywa maji ya zimamoto ikafanya tumbo. Tuliitoboa kwa bisibisi, ndoo chini, ikatoa maji, kisha tukaishusha. Hiyo haiokoleki.

Saa 7 mchana

Jikoni sipendi. Kiroba cha unga kilichokuwa wazi, mchele, chumvi, vyote nje, maana moshi umeingia. Na dawa za presha za bibi pia, japo zimo kwenye pakiti, kwa sababu zilikaa kwenye joto. Alizishika kwa muda. "Hizi nimenunua juzi tu." Binti akaenda kituo cha afya kuomba nyingine. Sufuria na mabomba tulifuta mapema, kwani plastiki ya PVC ikiungua hutoa asidi inayokula chuma taratibu hata baada ya moto kuzimika.

Saa 8 na nusu

Sasa maji. Na hapa mpangilio unageuka: ukuta wa kuoshwa unaanza chini kwenda juu. Ukianza juu, maji machafu yanachuruzika kwenye ukuta mkavu na kuacha michirizi migumu kuliko doa lenyewe. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, suuza, futa kwa kitambaa kikavu. Kuta za sebule zitapakwa kwanza praima ya mafuta, yaani rangi ya msingi, kabla ya rangi ya maji, ili madoa yaliyobaki yasipande juu.

Saa 11 jioni

Nguo. Tulizikung'uta uani kwanza, kisha zikaloweka kwenye maji ya magadi soda. Binti alitaka kuzipiga pasi zikikauka. Nikamwomba asubiri, kwani joto huifunga harufu ndani ya uzi.

Kanga za bibi zilikuwa kwenye sanduku la mbao, chini kabisa, lakini hata huko moshi ulifika. Jozi moja ya harusi ya binti yake aliifua kwa mkono wake mwenyewe, hakutaka tumsaidie. Jua lilikuwa linazama alipoitoa kambani, akaifunika puani, akavuta pumzi.

"Bado," akasema.

"Bado, bibi. Kesho tutailoweka tena."

Akairudisha kwenye beseni.